Nguo Inayosimulia

Swali: Mhariri, mimi ni mshonaji. Je, ni kweli kwamba Wamarekani weusi waligeuza vitambaa kuwa sanaa baada ya harakati za haki za kiraia? – Msomaji, Mkomani, Lamu

Jibu: Ni kweli, dada. Msanii Mmarekani mweusi Faith Ringgold, mzaliwa wa Harlem, mtaa wa jiji la New York, alishona mfarishi wake wa kwanza wa viraka mwaka 1980 akishirikiana na mama yake, aliyekuwa mbunifu wa mavazi, na kuanzia 1983 akawa anaandika hadithi nzima juu ya nguo. Kanga yetu hubeba jina fupi; mfarishi wake hubeba kisa. Ninaoupenda zaidi ni Tar Beach wa 1988, ambamo familia inabarizi usiku juu ya paa, kama tufanyavyo Lamu, huku binti yao akiruka angani juu ya daraja.