Kamba, mawe na kuni: jibu kwa mnasihi anayetaka kujitolea kambini

Ndugu uliyeuliza kama mnasihi aliyemaliza stashahada aende kujitolea katika kambi ya wakimbizi au asome kwanza shahada, mimi nilikwenda, na ningekushauri uende, ila kwa sharti moja nitakalolitaja baada ya kusimulia kosa langu.

Nilifanya kazi miaka miwili Nyarugusu, wilayani Kasulu, Tanzania, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita na ambayo tangu 2015 ilipokea pia Warundi wengi. Nilifika nikiwa na ari ya tiba ya simulizi (Narrative Exposure Therapy), njia ya kutibu kiwewe iliyobuniwa na wanasaikolojia Schauer, Neuner na Elbert na kujaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ambako wakimbizi wenyewe walifunzwa kuitoa. Mteja hutandaza kamba chini iwe maisha yake tangu kuzaliwa, akiweka ua palipokuwa na furaha na jiwe palipokuwa na msiba, kisha husimulia jiwe moja baada ya jingine mpaka kumbukumbu iliyotawanyika ipate mwanzo na mwisho. Ni njia nzuri, na bado naitumia.

Katika mwaka wangu wa pili aliletwa kwangu mama wa makamo kutoka Kongo, ambaye hakuwa akipata usingizi (mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha). Kwa wiki tatu alizungumzia kuni tu: zilivyo mbali, zinavyoisha upesi, nani alikwenda na nani alichelewa kurudi. Niliandika kwenye jalada kwamba anakwepa. Wiki ya nne nikamtandazia kamba. Aliishika, akaivuta kupima nguvu zake, akasema, "Mwanangu, kamba hii ingefaa kufungia kuni." Nilitabasamu, nikamrudisha kwenye habari za utoto wake. Hakuonekana tena kwa mwezi mzima.

Shirika lililonichukua halikuwa na msimamizi wa kitaalamu. Tulipimwa kwa idadi ya wateja tu. Nikampigia simu mwalimu wangu wa zamani, nikamsimulia bila kutaja jina. Akaniuliza, "Hizo kuni wanazitafuta wapi?" Nje ya kambi, msituni, na kila aliyeishi pale anajua kwamba wanawake wamepigwa na kubakwa katika njia hizo. Mama yule alikuwa amenieleza hofu yake kwa wiki tatu mfululizo, huku mimi nikimsubiri aanze kunieleza. Nilidhani kiwewe ni jambo lililopita, kumbe kwake lilikuwa la kesho asubuhi.

Nilimfuata, nikamwomba radhi. Kwa muda mrefu hatukugusa mawe. Tulipanga kwanza ataandamana na nani msituni na siku zipi, kazi ambayo, kwa majivuno ya kijana mwenye cheti, nilikuwa nikiiona ni ya maofisa wa ustawi wa jamii. Usingizi ulirudi kidogo kidogo, ingawa si wote. Kamba tuliitandaza miezi mitano baadaye, kwa ombi lake mwenyewe.

Sharti langu, basi, ni kwamba usikubali nafasi hiyo kabla hujampata mtu mzoefu atakayesikiliza kazi yako walau kila wiki mbili, hata kwa simu, na hata ikibidi umtafute mwenyewe. Ukiwaona wateja wengi bila msikilizaji, utazidi kuwa mwepesi wa kurudia kosa lile lile. Kabla ya mama yule nilikuwa nimeshawaona wateja zaidi ya sitini, na hadi leo najiuliza ni wangapi kati yao walionizungumzia kuni.