Mume wangu amemtukana bosi wangu: je, aje kunitetea kwenye kikao?

SWALI: Habari za kazi, mshauri. Mimi ni keshia kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, huu mwaka wa nne. Mwezi uliopita tulikuwa tunafunga hesabu mpaka saa 3 usiku karibu kila siku. Mume wangu alichoka, akampigia bosi simu, wakajibizana, akamtukana. Kesho yake nikapewa barua ya kujieleza, na sasa nimeitwa kikao cha nidhamu Jumatano. Mume anasema atakuja mwenyewe waongee kiume yaishe. Anaruhusiwa kuingia? Na wanaweza kunifukuza kwa kosa lisilo langu?

JIBU: Haruhusiwi, dada yangu. Na hata wakimfungulia mlango kwa heshima, abaki nyumbani. Anayeruhusiwa kukusaidia kwenye kikao ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Ndivyo zinavyosema Kanuni za Utendaji Bora za 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42), na mume hatajwi popote. Kanuni hizo hizo zinakupa muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48. Kama wamekupa pungufu, omba muda kwa maandishi na nakala wakusainie.

Kukufukuza ni suala jingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali: mwenendo wako, uwezo wako, kupatana kwako na watu kazini, au mahitaji ya uendeshaji. Matusi ya mumeo ni mwenendo wa mumeo. Lakini usilale. Watakachotafuta Jumatano ni mkono wako ndani ya ile simu. Namba ya bosi aliitoa wapi? Ulikuwa umekaa pembeni? Uliwahi kumtumia picha ya daftari la mauzo, au ya mishahara ya wenzako? Hapo kosa la mume linageuka la mke. Akirudia tena, mwajiri mjanja ataacha habari ya matusi na kushika hiyo ya kutopatana: ataandika kila tukio, atakuonya, atakupa nafasi ya kurekebisha, na siku ya siku faili litakuwa limenona.

Kwenye maelezo yako andika ukweli, tena mfupi: hukumtuma, ulijua lini, na lugha aliyotumia huiungi mkono. Usimtetee, usimponde. Pale si baraza la ndoa.

Kinachoniuma ni kwamba mumeo alikuwa na hoja. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Za ziada zinafanywa kwa makubaliano, haziruhusiwi kuzidi 50 ndani ya wiki nne, na kila moja inalipwa mara moja na nusu. Ikigonga saa 2 usiku, inaingia na nyongeza ya asilimia 5 ya kazi za usiku. Piga hesabu ya mwezi mzima uone. Hoja yenye pesa ndani ameiteketeza kwa simu moja, na leo anayejieleza ni wewe.

Hili naliona kila wakati, na silizoei. Watu wanaichukulia ofisi kama ukweni: ukipeleka mtu mzima mwenye maneno, mambo yataisha. Wake nao wamo, maana nimeshakutana na mke aliyeshika simu ya mumewe kwa hasira, akamwandikia meneja "kuanzia leo haji tena". Meneja akachapisha ule ujumbe, akauweka kwenye faili kama barua ya kuacha kazi. Tulihangaika sana kuthibitisha kwamba mwenye ajira hakuandika yeye.

Balaa kubwa zaidi ni siku. Ukiachishwa, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Madai mengine, kama hayo ya saa za ziada, siku 60. Mtu ananijia mwezi wa tatu tangu aachishwe. Ulikuwa wapi? "Mume wangu alikuwa anaongea na bosi." Mazungumzo ya mume hayasimamishi kalenda. Itabidi uombe kuongezewa muda na ueleze kila siku uliyochelewa, na "tulikuwa tunasubiri apokee simu" ni maelezo mepesi mno.

Sasa sikiliza hili, maana vishoka wanaishi humo. Kule Tume, tofauti na kikao cha nidhamu, sheria inakuruhusu kuwakilishwa na chama, wakili, au mtu binafsi uliyemchagua. Hata mumeo anaweza kusimama. Kwa upenyo huo anaingia yule mwenye meza pembeni ya steshenari anayejiita mwanasheria wa kazi. Anamwambia mumeo, kwa sababu ndiye mwenye hasira na ndiye atakayetoa hela: "Shemeji asiende kikao, akienda amekubali kosa." Uongo mtupu! Ukikataa kuhudhuria bila sababu ya maana, mwajiri anaruhusiwa kuendelea bila wewe. Atasikiliza upande mmoja, wake, na huko mbele utaulizwa kwa nini nafasi ya kujitetea ulipewa ukaikataa. Kishoka wakati huo simu haipatikani.

Jumatano fika mapema na mwenzako mliyekubaliana, mwenye kalamu, aandike nani kasema nini. Beba orodha ya tarehe na saa ulizotoka kazini mwezi uliopita, ila usiitoe kujibu tuhuma ya matusi. Madai ya saa za ziada yaandikie barua yake, kwa jina lako na saini yako.