Wageni wakichelewa, usiwapigie makofi

Nyinyi waongoza watalii wapya, juzi nimemsikia mmoja wenu kwenye lobi akimwambia mzee Mwingereza "Move it!" Najua, lango la Mbuga ya Taifa ya Nairobi linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, jua likipanda simba wanajificha, na mzee bado anatafuta kofia. Lakini jamani, hiyo ni kauli ya sajini kwa kuruta. Haya hapa maneno ya Kiingereza ya kumharakisha mtu, na namna ya kwenda nayo.

1. "Hurry up" si tusi, ila ikitoka kavu ni amri. Fungua mlango wa gari, useme "Shall we?" (twende?) Watakuja.

2. "Chop-chop". Hapa niacheni nitubu. Nilikuwa na familia kutoka Vancouver, mama mtu asili yake Hong Kong. Ndovu yatima wa Sheldrick, kituo cha kuwalea hapa Nairobi, huonwa saa moja tu kwa siku, saa tano hadi saa sita, na sisi bado tuko kwa twiga Lang'ata, watoto hawataki kutoka. Nikapiga makofi mawili: "Chop-chop, everybody!" Neno nililiokota kwenye filamu, nikaona nimechangamka kweli kweli. Mama akageuka, akaniangalia mikono, si uso. Garini kimya hadi Barabara ya Magadi, ndipo akanieleza taratibu kabisa (heri angefoka) kwamba neno hilo lilitokana na Kikantoni, likapitia Kiingereza cha kuungaunga cha wafanyabiashara wa kule Uchina, na kwao linakumbusha bwana akimkimbiza mtumishi wake. Na mimi nimeongeza makofi! Ndovu tuliwawahi, ila sikuwaona. Nilibaki kwenye maegesho nikipangusa kioo kilichokuwa safi. Tipu msiniulize.

3. "Shake a leg" (neno kwa neno, tikisa mguu) achana nayo, hasa mgeni akiwa na mkongojo.

4. "Get a move on" na "get your skates on" Waingereza huambiana wenyewe kwa wenyewe. Ukizisikia cheka, usizirudishe. Utani wa mtu na mkewe wewe unaingilia nini?

5. "Step on it" utaambiwa wewe dereva, yaani kanyaga mafuta, hasa redio ikisema chui ameonekana. Usikanyage. Mjibu "pole pole". Hiyo aliijua kabla hajashuka ndegeni.