Kama Mungu anatawala vyote, mzazi wa mtoto mwenye sikoseli afanye nini?

Bwana Yesu asifiwe, dada mleta mada. Poleni sana wewe na baba watoto. Nimesoma uzi wako wote pamoja na majibu yaliyotangulia. Kwa wanaoingia sasa: mtoto wake wa miaka mitatu amepimwa akakutwa na sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtumishi anayemwombea amemwambia aache dawa, eti kumeza kidonge baada ya maombezi ni kukiri kushindwa. Mama mkwe naye anamkataza kulia, anasema hayo ni mapenzi ya Mungu na anayelia anamkosea Mungu. Dada anauliza: kama kweli Mungu anatawala kila kitu, mimi nifanye nini?

Naandika kama mama wa watoto wawili waliozaliwa na ugonjwa huohuo. Binti yetu wa kwanza alifariki kabla hatujajua anaumwa nini. Mdogo wake yuko hai, anasoma sekondari. Wote wawili waliombewa na watu walewale, katika kanisa lilelile, na wazazi walewale. Kwa hiyo mtu akija na kanuni kwamba imani ikiwa kubwa mtoto anapona, ajue anaongea na mama aliyezika mmoja na anamlea mwingine, na hiyo kanuni haielezi hata mmoja wao.

Nianze na la dawa maana hilo halisubiri. Usiache, dada. Foliki asidi ya kusaidia damu, haidroksiyurea ya kupunguza vipindi vya maumivu kama ameandikiwa, dawa ya kuzuia malaria, chandarua, maji ya kunywa mengi, na tarehe ya kliniki usiiruke. Fungua Isaya 38. Mfalme Hezekia aliugua akawa karibu kufa, akalia, na Mungu akamwahidi miaka 15 zaidi. Ahadi imeshatoka kinywani mwa Mungu mwenyewe. Halafu Isaya yuleyule aliyeileta anaagiza watwae mkate wa tini wauweke juu ya jipu. Hakuna aliyemwambia mfalme kwamba tini zile ni kutoamini. Mungu aliyeamua kwamba Hezekia ataishi ndiye aliyeamua pia njia, na njia ilipita kwenye tini. Paulo naye, ambaye Mungu alimtumia kuponya watu wengi, anaandika katika 2 Timotheo 4:20 kwamba alimwacha Trofimo Mileto, hawezi. Timotheo naye alishauriwa na Paulo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Anayefundisha kwamba Mungu anatawala maombi lakini hatawali duka la dawa amempunguzia Mungu nusu ya dunia.

Kuhusu laana ya ukoo, ambayo umeigusia kidogo tu lakini naona inakuuma: sisi tuliambiwa vilevile. Walitaka upande wa mume wangu ufanyiwe maombi ya kufunguliwa. Aliyetutoa huko ni daktari aliyechukua nyuma ya karatasi ya vipimo akachora herufi. Baba AS, mama AS, yaani kila mmoja amerithi chembe moja ya kawaida (A) na moja ya sikoseli (S). Akavuta mistari: AA, AS, AS, SS. Akasema kila mimba yenu ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mwenye SS, yaani mgonjwa wa sikoseli, na mimba iliyopita haibadilishi hesabu ya mimba inayofuata. Halafu akaeleza kwa nini hali hii imejaa huku kwetu Kanda ya Ziwa: mwenye AS hapati kwa urahisi ile malaria kali inayoua, hivyo kwa vizazi vingi watoto wa namna hiyo walibaki hai wakakua na kuzaa. Yaani kile kilichomchukua binti yangu huenda ndicho kilichomvusha bibi yake mzaa bibi utotoni. Sijengi mafundisho juu ya hilo wala sisemi ndiyo sababu ya Mungu. Ila nilipolisikia, neno laana liliondoka nyumbani kwetu, na nikaielewa upya Yohana 9, pale wanafunzi wanapouliza ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake, na Yesu anawajibu si huyu wala wazazi wake.

Sasa mama mkwe. Kwa heshima zote, mama ana ukweli mkubwa mkononi. Ayubu alisema, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa, jina la BWANA na libarikiwe." Hilo ni neno la imani na mimi nimelisema kaburini. Shida ni kwamba wengi wetu tunafunga kitabu hapo, sura ya kwanza. Sura ya tatu Ayubu anailaani siku aliyozaliwa. Kuanzia hapo anamlilia Mungu, anamhoji, anataka wasimame naye barazani kesi isikilizwe. Rafiki zake watatu ndio waliokuwa na maneno mazuri ya kumtetea Mungu. Na mwishoni, 42:7, Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake, anasema hawakunena yaliyo sawa katika habari zake kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Dada, lisome polepole. Mlalamikaji ndiye aliyeitwa mtumishi.

Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba kulia mbele za Mungu ndiyo namna mojawapo ya kukiri kuwa anatawala. Kama hatawali, namlilia nani? Sikoseli haina masikio. Mishipa haisikii. Ninampelekea Yeye lawama zangu kwa sababu naamini hakuna kilichomfikia mtoto wangu bila Yeye kujua, na kwamba kama kuna anayeweza kufanya kitu, ni Yeye.

Kuna usiku maumivu yalimshika kijana wetu, bado mdogo, vidole vya mikono vimevimba hadi hawezi kukunja ngumi. Nilikuwa nachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu namfunika mikono, baba yake anatafuta bodaboda. Mtoto akaniambia, "Mama, mwambie Yesu aache." Nikakosa la kusema. Baba yake akasimama mlangoni, simu sikioni, akamjibu, "Mwambie mwenyewe, mwanangu, anakusikia." Na akamwambia. Alimwambia kwa kupiga kelele njia nzima mpaka hospitali. Nimesikia mahubiri mengi juu ya ukuu wa Mungu, na sikumbuki lililonifundisha zaidi ya kelele zile.

Mama mkwe akisema kulia ni kukosa imani, usibishane naye, ni mama yako. Msomee tu Yohana 11. Yesu alishawaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro. Alijua baada ya muda mfupi marehemu atatoka kaburini. Na bado, alipomwona Mariamu analia, Yesu akalia machozi. Kama mwenye mamlaka juu ya kifo alilia, nani atukataze sisi? Tena Maombolezo 3:33 inasema moyo wake hapendi kuwatesa wanadamu wala kuwahuzunisha. Anayetawala ni huyo, mwenye moyo huo. Ukiusema utawala wake bila moyo wake, unamtisha tu mtu aliyekwisha kuvunjika.

Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wampendao kuwapatia mema, utaisikia sana, hasa msibani. Ni kweli tupu, ila watu huisoma kana kwamba imeahidi mambo yataisha vizuri kwa namna tunayoiona. Aya ya 29 inaeleza mema yenyewe ni nini: tufananishwe na mfano wa Mwana wake. Na kabla yake, aya ya 26, Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kuugua kumo ndani ya sura hiyohiyo. Yusufu naye alikaa miaka 13, tangu akiwa na 17 mpaka 30, kisimani, utumwani na gerezani, bila kuambiwa mpango ni upi. Hata alipouona, hakuwaambia ndugu zake kwamba walifanya vema. Aliwaambia, "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema." Ubaya uliitwa ubaya. Mimi bado naita kifo cha binti yangu ubaya, na bado naamini kilikuwa mkononi mwa Mungu. Yote mawili. Sijui yanakutanaje, na sijaahidiwa kwamba nitajua upande huu.

Umeuliza mwishoni kama ni dhambi kumwuliza Mungu "kwa nini." Yesu aliuliza akiwa msalabani: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Mwenye swali hilo midomoni hakuwa na dhambi. Uliza, dada. Uliza kwa sauti kama nyumba inaruhusu. Zaburi 88 imeisha gizani bila hata mstari wa faraja, na Mungu aliiacha ndani ya Biblia.

Sasa la vitendo. Yule mtumishi mwambie aendelee kuomba, na mtoto anaendelea kumeza dawa. Akikataa kuomba kwa sharti hilo, tafuta wengine wa kuomba nawe. Sadaka ya mbegu, ile pesa unayoambiwa utoe ili upate uponyaji, usitoe hata shilingi, hiyo ni nauli ya kliniki. Wewe na mume wako mkapime kama bado, na watoto wengine wote wapimwe. Mtoto akipata homa, usisubiri asubuhi wala usisubiri ibada iishe, mkimbize hospitali na uombe ukiwa njiani. Ukitaka mtu wa kuomba naye usiku maumivu yakimshika, niandikie humu ndani kwa siri nikupe namba yangu. Nalala na simu karibu.