Jibu: Teksicha ya fremubafa kutoka nyeusi

Ndugu yangu wa Lindi, umeuliza kwa nini ramani yako ya ghuba ya Mtwara huonekana vizuri ikichorwa moja kwa moja kwenye kanvasi, lakini hugeuka nyeusi ukiipitisha kwanza kwenye fremubafa (mahali pa kuchorea pasipoonekana kwenye skrini) ya WebGL, zana ya kuchora michoro ndani ya kivinjari. Fremubafa yenyewe haihifadhi pikseli hata moja. Ni chano tu, na kinachobeba rangi ni teksicha, yaani picha iliyo kwenye kumbukumbu ya michoro, uliyoiambatisha. Teksicha hiyo, usipoibadilishia kichujio (kanuni ya kuisoma inapokuzwa au kupunguzwa), huanza na mpangilio unaodai nakala zake ndogondogo, yaani mipmapu, na kwa kuwa hukuzitengeneza, kila inaposomwa hutoa weusi, ingawa amri ya ukaguzi, checkFramebufferStatus, inakujibu kwamba fremubafa imekamilika. Jibu hilo ndilo lililonikesha usiku mzima hapa Mikindani. Weka kichujio cha LINEAR. Na kama unatumia WebGL ya kwanza, ile ya mwaka 2011, huku upana au urefu wa ramani si kipeo cha 2 (kama 256 au 512), weka pia CLAMP_TO_EDGE, ili teksicha isijirudie kingoni. Aidha, kubadili fremubafa hakubadili eneo la kuchorea, kwa hiyo ita viewport, amri inayoweka eneo hilo, upya kwa vipimo vya teksicha, kisha uirejeshe kwa vipimo vya kanvasi.