Jina Rehani: jani linalonukia au dhamana ya mkopo?

SWALI: Tunatarajia mtoto wa kike. Mimi na mume wangu tumependa jina Rehani, kwa ajili ya ule mmea wenye majani yanayonukia. Mama mkwe alipolisikia akashtuka: "Mtoto hawekwi rehani!" Nikamjibu kuwa hata kwa maana hiyo si vibaya, kwani mtoto ni amana. Nani yuko sahihi? Na je, tuandike Rehani, Rihani au Raihani?

JIBU: Hongera kwa ujio wa mtoto. Mama mkwe wako amesikia sawasawa, nawe umechagua jina lenye asili nzuri. Kilichowagonganisha ni h.

Kiarabu kina h mbili, na Mwarabu hazichanganyi hata siku moja. Moja hubanwa ndani ya koo, nyingine ni pumzi nyepesi. Jina la mmea lina ile ya kooni, nalo lina undugu na maneno ya Kiarabu yenye maana ya upepo na harufu. Neno la mkopo lina ile nyepesi. Yote mawili yamo katika Kurani: la mmea katika sura ya 55, aya ya 12, la mkopo katika sura ya 2, aya ya 283, panapoelezwa deni la safarini ambako mwandishi hakupatikana. Kiswahili kina h moja tu. Tena hupenda kuigeuza ai ya Kiarabu kuwa e, ndiyo maana tunasema shetani na shehe. Basi maneno mawili yasiyohusiana kabisa yakakutana katika umbo moja: rehani.

Mmea wenyewe huitwa mrehani, wingi mirehani. Kama mwaridi unavyotoa waridi na mwasumini asumini, mrehani hutoa rehani. Kwa hiyo jina lako limefuata kanuni ya lugha, hukulibuni ovyo.

Hoja ya amana, hata hivyo, siikubali. Amana ni kitu unachokabidhiwa ukitunze kwa uaminifu, na mwenyewe akikitaka unamrudishia. Rehani ni kitu kinachoshikiliwa kwa sababu ya deni. Deni lisipolipwa, hakikombolewi. Katika amana kuna kuaminiana. Katika rehani aliyekopesha anataka uhakika kabla ya kutoa chake. Mtoto ni amana, naam, lakini si rehani. Kama mnalipenda jina, lipendeni kwa harufu yake.

Je, maana ya pili inatosha kulizuia jina? Hapana. Tazama Hawa. Kwa Kiarabu jina hilo lina h ya kooni, na hawaa, yaani matamanio ya nafsi, lina h nyepesi. Kwetu yamekaribiana mno, na juu yake tuna "hawa" ya kuonyesha watu. Bado wanawake wengi huitwa Hawa, na hakuna anayeshtuka. Sarufi nayo husaidia: "Rehani amelala" ni binti, "rehani imekombolewa" ni mali. Wasiwasi hubaki pale jina linapotajwa peke yake, bila kitenzi cha kulifafanua, na hapo ndipo mama mkwe alipolisikia.

Kuhusu tahajia, Rihani siipendekezi. Inaonekana kama njia ya katikati, lakini katika ile aya ya deni neno linalotumika ni rihani hasa, lenye h nyepesi. Mtakuwa mmekimbia rehani mkarudi kwenye chimbuko lake.

Ningewashauri Raihani. Ile ai inaurudisha mmea wazi wazi, wala hakuna anayesema nyumba imewekwa "raihani". Kwa Kiarabu umbo hilo lisilo na -a mwishoni limetumika kwa wanaume pia. Mwanazuoni al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alijulikana kwa kuniya, yaani jina la "baba wa fulani", ya Abu Raihan. Mkitaka umbo la kike la Kiarabu, lipo: Raihana. Ila vitenzi vya Kiswahili havibagui mke na mume, kwa hiyo Raihani halina kasoro kwa binti.

Litamkeni kwa silabi nne, Ra-i-ha-ni, mkazo ukiwa kwenye ha. Mkilifupisha mkasema "Rehani" kwa haraka, mama mkwe atashtuka tena.