Lupu yangu inapandisha bei, kulikoni?

SWALI: Assalaam aleikum. Natengeneza kompaila ndogo (programu ya kugeuza lugha ya kuandikia programu iwe amri za mashine) hapa nyumbani Kisauni, ya lugha ya kupigia hesabu za duka. Kuna lupu inazunguka mara 3, kila mzunguko ada = bei + 5, halafu jumla = jumla + ada. Bei ni 50 na ndani ya lupu haiguswi, so jibu lafaa kuwa 165 lakini mie napata 180! Uhai wa variabo (yani pale gani thamani yake bado itahitajika mbele) nimeupiga hesabu bloku kwa bloku, bloku ni kipande cha amri zinazofuatana moja kwa moja, kutoka chini hadi juu, mara moja. Shida iko wapi?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Hiyo 180 ishasema yote, jumlisha 55 na 60 na 65 uone, bei inapanda 5 kila mzunguko, yani ada na bei zimepewa rejista moja (kijisanduku cha kuwekea thamani ndani ya prosesa) na ada ikiandikwa yaifuta bei.

Sasa tizama grafu yako, zile bloku na mishale yake, mambo ambayo Frances Allen wa IBM aliyaandikia mwaka 1970 (na 2006 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Turing, ile tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, wallahi alistahili). Lupu ni mshale unaorudi juu. Ukipanda kutoka chini wafika kwenye mwili wa lupu, wauliza bloku inayofuata yahitaji nini, na inayofuata ni kichwa cha lupu, pale panapoulizwa kama izunguke tena, ambacho hujakifikia bado, seti yake ya variabo zilizo hai ni tupu! Basi kompaila yako yaamini kwamba bei ikishasomwa pale kwenye ada kazi yake imekwisha, imekufa, na rejista yake inapewa ada. Kumbe mzunguko wa pili bei inatakiwa tena.

Dawa ni kurudia hesabu hiyo ya bloku zote, raundi baada ya raundi, mpaka seti zisibadilike. Kanuni yenyewe ni ileile: zilizo hai mwishoni mwa bloku ni muungano wa zote zilizo hai mwanzoni mwa bloku zinazofuata, na zilizo hai mwanzoni ni zile zinazosomwa humo kabla hazijaandikwa, pamoja na zilizo hai mwishoni ambazo bloku haiziandiki. Kwako wewe, raundi ya pili mwisho wa mwili utapata bei, jumla, kihesabio cha lupu na kikomo chake, zote hai, raundi ya tatu hakibadiliki kitu, hapo ndo unasimama. Usiogope kwamba itazunguka milele, seti zinaongezeka tu hazipungui na variabo zina idadi, lazima zitulie.

Na kwenye if, pale programu inapochagua njia moja kati ya mbili, usijaribu kubahatisha njia gani itapitwa, chukua zote mbili. Ukisema variabo iko hai kumbe imekufa umepoteza rejista moja tu, lakini ukisema imekufa kumbe iko hai mwenye duka anapewa hesabu ya uongo, na hilo halikubaliki kabisa.

Ukimaliza chapisha seti ya zilizo hai mwanzoni mwa bloku ya kwanza kabisa. Yafaa iwe tupu. Ukikuta jumla imo humo basi kuna njia inayoisoma kabla haijawekwa 0, na kompaila yako yaweza kumuonya mtu hapohapo bila hata kuendesha programu.